Kugawana Kisiwa: Je, ni Dhambi au ni Hekima?

Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha katika msimu wa mvua, ingawa shitingi za nyumba nyingi zimechoka na upepo wa ziwa haukutuhurumia.

Katika toleo lililopita tuliahidi kuandika juu ya ile barua iliyoletwa kwa wazee wa kanisa, iliyoandikwa kwenye karatasi za daftari na kutiwa sahihi na watu arobaini na mmoja. Wengi mmekwisha kuisikia. Inaomba kwamba kanisa letu ligawanywe. Wanaosali kwa Kinyarwanda wawe na ibada yao, wanaosali kwa Kiswahili wawe na yao. Sanduku la sadaka liwe mawili. Kinanda kikae upande mmoja na ngoma upande wa pili. Kila upande uchague wazee wake. Na kwa kuwa hatuna majengo mawili, ipitishwe kamba katikati ya ukumbi na kutundikwa shitingi, ili watu wasitazamane.

Tangu habari hiyo itoke, kila tunapopita bombani tunaulizwa. Baadhi yenu mnatuambia: andikeni kwamba hiyo ni dhambi, mmalize maneno. Wengine mnasema: andikeni kwamba ni hekima, kwa maana watu wasiopatana wakikaa mbalimbali hawapigani. Sisi wa kamati ya jarida tulikaa jioni tatu na hatukuweza kuandika upesi neno moja kati ya hayo mawili. Basi tukaona tutazame kwanza wengine waliogawana, tena waliogawana kitu kikubwa kuliko ukumbi wa mbao na shitingi. Tukachagua visiwa. Mwenye shamba barani akigombana na jirani yake anaweza kuhama, bali kisiwani maji yanawazunguka wote, kama sisi tunavyozungukwa hapa na uzio.

Kisiwa cha kwanza hakiko mbali. Ukishuka hadi ufukweni Gisenyi unaliona ziwa letu la Kivu, na huko kusini, katikati ya maji, kipo Idjwi. Wengi wetu tuliokaa Goma tulipanda boti za Bukavu zinazopita karibu nacho, na mananasi na kahawa yake tunaijua. Kisiwa hicho kilikuwa na ufalme wake. Mwami Rwabugiri wa Rwanda akakivamia na kukitawala. Alipofariki mwaka 1895 wenyeji wakarudisha ufalme wao. Kisha wakaja wengine. Wajerumani walikuwa upande huu, Wabelgiji upande ule, wakagombania ziwa na milima hata mwaka 1910 wakakutana Brussels, wakagawana. Gisenyi ikawa ya Wajerumani. Goma na Idjwi vikawa vya Wabelgiji. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani wakakiteka kisiwa, na Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916. Katika mambo hayo yote hakuna mvuvi aliyeulizwa.

Mstari wa 1910 ndio huu huu tunaousimamia kila siku pale barrière ndogo, wamama wakiwa na mabeseni ya nyanya kichwani. Mji mmoja una majina mawili. Huwezi kujua kwa macho nyumba ipi ni ya nchi gani mpaka umwone askari. Hatusemi hivi ili kulaumu mipaka; mwezi wa Januari 2025 vita vilipofika Goma, mstari huu ndio watu walioukimbilia, na aliyeuvuka aliokoka. Kumbe mstari uliochorwa na wageni kwa faida yao, kwa siku kadhaa ulikuwa ukuta wa kujificha nyuma yake. Hilo tuliandike mapema, kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba kila mpaka ni kazi ya shetani.

Ndani ya Idjwi kwenyewe kuna mgawanyo mwingine ambao wageni hawaujui. Kisiwa kina usheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Vita vya 1996 na 1998, vilivyounguza ng'ambo zote za ziwa, vilikipita kisiwa hicho kwa sehemu kubwa, na watu wake hupenda kujiita watu wa amani. Mtu angeweza kusema: mnaona, waligawana na wametulia. Lakini wapo pia Bambuti, ambao wenyeji wenyewe wanakubali kwamba ndio waliokuwa msituni kabla ya wengine wote. Huko kaskazini shefa ni Muhavu, kusini shefa ni Muhavu, na Bambuti wengi hawana shamba la kwao upande wowote. Wanalima vya wengine na kuuza vyungu. Kwa hiyo usikubali upesi mtu anapokuambia kwamba nchi ina pande mbili tu. Anayesema hivyo mara nyingi ni mmoja wa wale wawili.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu, mmoja wetu aliuliza: na katika barua yetu ile, mabibi wa Kihunde na Kinande wanaokaa benchi la nyuma wataketi upande gani wa shitingi? Hakuna aliyejibu. Tuna pia nyumba saba ambazo baba anasali kwa Kinyarwanda na mama kwa Kiswahili. Watoto wao je, watapita chini ya kamba?

Tuvuke sasa tufike Zanzibar, ambako lugha yetu hii inasemwa kwa utamu kuliko sisi tunavyoisema. Zanzibar si kisiwa kimoja, ni Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo, lakini ni watu wamoja kwa dini na kwa lugha. Wangegawanyika kwa nini? Waligawanyika kwa vyama, na nyuma ya vyama kulikuwa na ardhi, na nyuma ya ardhi kulikuwa na kumbukumbu ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti 10 kwa ASP, 9 kwa ZNP na 3 kwa ZPPP. Jimbo moja la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika wenyewe, wawili huku na mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Wakapiga kura tena mwezi wa Juni mwaka huohuo, na katika ghasia watu 68 wakauawa. Mwezi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja baadaye, yakamwaga damu ya maelfu.

Tumeandika hesabu hizi kwa makusudi. Vijana wetu hudhani kwamba watu hugawanyika kwa sababu wanachukiana. Hapo watu walikuwa karibu sawa kwa idadi, na kila upande uliona kwamba upande wa pili ukishinda kwa kura moja utachukua vyote. Ukijua kwamba aliyeshinda atakuachia shamba lako na kazi yako, kura moja haikunyimi usingizi.

Vyama vingi viliporudi, jeraha lilifunguka tena palepale. Oktoba 1995 mgombea wa CCM, Salmin Amour, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF. Kuanzia hapo ikawa kama visiwa viwili vina vyama viwili. Na ugomvi haukubaki barazani kwa wakubwa. Uliingia dukani, kwa maana mtu hakununua sukari kwa muuzaji wa chama kingine. Uliingia kwenye magari ya abiria. Uliingia mpaka mazikoni, jirani akafa na jirani asiende kumzika. Waislamu wanajua uzito wa jambo hilo, na sisi tunaujua.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi walifyatua risasi kwa watu waliokuwa wakiandamana, hasa Pemba, na makumi wakauawa. Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa nchi ya Tanzania, nchi iliyowapokea Wanyarwanda, Warundi na Wakongo kwa miaka mingi: ilizaa wakimbizi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Walilala kwenye mahema, wakapanga foleni ya maji, wakaandikwa majina na HCR. Mtu aliyekuwa na mikarafuu yake Micheweni akawa na kadi kama yako wewe msomaji. Wengi walirudi baadaye. Tunafikiri mara nyingi juu ya hao wa Shimoni. Hakuna mgogoro wa vijiti vya kura ulio mdogo kiasi cha kushindwa kumvusha mtu bahari.

Baada ya hayo, mwaka 2008, wazee fulani wa Pemba walipeleka waraka kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa Dar es Salaam, wakiomba Pemba ijitenge na Unguja. Baadhi yao walikamatwa, kisha wakaachiliwa. Ombi lao lilikuwa lile lile la barua yetu: kamba ipitishwe katikati. Na tuseme ukweli, hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu walioshiriki uchaguzi mara tatu na mara tatu wakaona hawapati kitu, wakasema heri kidogo cha kwetu.

Lakini Zanzibar ilijaribu njia nyingine. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya pamoja. Asilimia 66.4 walikubali. Hawakugawana ardhi, waligawana kiti: wa kwanza Rais, wa pili Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri kutoka pande zote mbili. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulikuwa wa kubanana sana, na hakukuwa na mazishi baada yake. Watu wakarudi kwenye arusi za wenzao.

Je, ndiyo dawa? Ingekuwa rahisi tungeishia hapo. Oktoba 2015 matokeo yalifutwa kabla hayajakamilika, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 bila CUF, na kiti cha pamoja kikawa kitupu kwa miaka. Mwaka 2020 watu walikufa tena Pemba, na hata hivyo mwezi wa Desemba Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, akakubali kuwa Makamu wa Kwanza. Wafuasi wake wengine walikasirika. Alikalia kiti hicho miezi michache tu, akafariki tarehe 17 Februari 2021. Sisi hatumjui mtu huyo ila kwa redio, lakini tunakiri kwamba kuketi tena mezani na waliokunyima ni kazi ngumu kuliko kuchora mstari. Inachosha. Anayekaa kiti cha pili anachoka zaidi kuliko anayekaa cha kwanza, na huyu wa kwanza hupenda kuhubiri umoja.

Kisiwa cha tatu ni cha mbali, lakini kila aliyesoma Matendo ya Mitume anakijua. Ni Kipro, kwao Barnaba. Paulo na Barnaba walianza safari yao ya kwanza huko, kutoka Salami hadi Pafo (Mdo 13). Leo Kipro kimegawanyika kwelikweli, kwa waya na mapipa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Kilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960. Karibu watu wanne kati ya watano walikuwa wa lugha ya Kigiriki, na waliobaki wengi wao ni wa lugha ya Kituruki. Katiba iliweka Rais Mgiriki, Askofu Mkuu Makarios, na Makamu Mturuki, Fazıl Küçük. Ilikuwa kiti cha pamoja, kama Zanzibar ya 2010. Miaka minne haikuisha. Desemba 1963 walianza kuuana, na jenerali mmoja Mwingereza akachukua kalamu ya rangi ya kijani akachora mstari kwenye ramani ya mji mkuu Nicosia, huku na huku watenganishwe. Mstari huo mpaka leo huitwa wa kijani kwa ajili ya kalamu hiyo. Mwezi wa Julai 1974 maafisa waliotaka kisiwa kiunganishwe na Ugiriki waliipindua serikali; siku tano baadaye Uturuki ikaingia na jeshi. Walipomaliza, mstari ulikuwa umekwenda kilomita 180, kutoka bahari hadi bahari. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Wengi waliondoka na funguo za nyumba mfukoni, wakidhani ni juma moja.

Ninyi mnaosoma, wangapi mna ufunguo wa nyumba ya Masisi, ya Rutshuru au ya Goma? Mmoja wa kamati yetu anao, umefungwa kwenye kitambaa pamoja na kadi ya ubatizo.

Tuwe waadilifu kwa mstari ule. Tangu 1974 hakujakuwa na vita Kipro. Waliouawa kando ya mstari katika miaka hiyo yote ni wachache wa kuhesabika. Mtu wa Ituri akisikia hivyo atasema, tuleteeni huo mstari kesho. Na sisi hatuwezi kumcheka. Lakini amani hiyo ililipiwa kabla na wale waliofukuzwa, na haikulipwa na wale waliochora. Watu 2,002 waliandikwa kuwa wamepotea, wa pande zote mbili, na tangu mwaka 2006 kamati ya pamoja, Wagiriki kwa Waturuki, inachimba visima na mashamba ikitafuta mifupa. Zaidi ya 1,000 wametambuliwa na kurudishwa kwa watu wao. Mjane amengoja miaka arobaini kuzika mfupa wa paja. Wale wanaochimba wanafanya pamoja kazi ambayo baba zao walikataa kuifanya, kazi ya kwenda mazikoni.

Tarehe 23 Aprili 2003 vizuizi vilifunguliwa, watu wakavuka kwa mara ya kwanza baada ya miaka 29. Walikwenda kuona nyumba zao wakakuta familia nyingine ndani, nazo nyingi zilikuwa za wakimbizi kutoka upande wa pili. Wengine walipewa kahawa, wengine walifungiwa mlango. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Aprili 2004, waliulizwa kwa kura kama wanataka kuungana chini ya mpango wa Kofi Annan. Waturuki asilimia 65 wakasema ndiyo. Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana. Basi mpaka leo wamebaki walivyo. Wamaroni wa kijiji cha Kormakitis, Wakristo wa zamani wa kisiwa, wakajikuta kaskazini huku watoto wao wako kusini. Hao ndio Bambuti wa Kipro, kwa maana ya kwamba kalamu haikuwaona.

Lakini kuna jambo moja la Nicosia tulilolipenda sana, na mtuvumilie kwa kuwa ni habari ya vyoo. Mji ulipogawanywa, mifereji ya maji machafu ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa kwa ajili ya mji mzima, na mahali pa kuyasafishia ni upande wa kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasiasa wakubwa wakiwa hawasalimiani, mameya wawili, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, walipatana kuikamilisha kazi hiyo pamoja. Uchafu wa Mgiriki na wa Mturuki ukapita chini ya waya wa miba katika bomba moja. Walijua kwamba kipindupindu hakisomi ramani. Sisi hapa tuna safu moja ya vyoo na bomba moja la maji kwa wale arobaini na mmoja na kwa wengine wote, na hakuna aliyeandika barua kwamba navyo vitiwe kamba.

Sasa tuje kwenye Neno. Wale wanaosema kugawana ni dhambi humtaja Sulemani na wanawake wawili na mtoto (1 Fal 3): mama wa kweli ndiye aliyekataa mtoto asikatwe. Ni mfano mzuri, lakini tunaona hautumiwi vema. Mtoto akikatwa anakufa. Shamba likikatwa halifi. Tena mama wa kweli hakusema tukae na mtoto pamoja. Alikuwa tayari kumwachia mwenzake mtoto mzima, akose yeye. Wangapi kati ya wahubiri wa umoja wako tayari kwa hilo, kwamba kinanda na ngoma na sanduku vyote vibaki kwa upande wa pili, mradi kanisa lisikatwe? Sisi tulipojiuliza swali hilo tulinyamaza.

Wale wanaosema kugawana ni hekima humtaja Abramu na Lutu (Mwa 13). Wachungaji wao waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha, na Abramu mwenyewe ndiye aliyeleta shauri la kutengana. Wala hatusomi kwamba Mungu alimkemea. Paulo na Barnaba nao, baada ya safari ile ya Kipro, waligombana kwa ukali juu ya Yohana Marko, wakaachana, na Barnaba akarudi na Marko kisiwani kwao (Mdo 15). Injili haikufa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Biblia inakataza watu kutengana. Wale wanaotaka Kinyarwanda wana haki ya kumsifu Mungu kwa lugha waliyonyonya, na wale wa Kiswahili vivyo hivyo.

Lakini msomaji, usifunge Biblia mwishoni mwa sura ya 13. Tazama kwanza jinsi walivyogawana. Abramu alikuwa mkubwa, mjomba si mjomba, baba mdogo si baba mdogo, kwa vyovyote mzee wa ukoo, naye alimwachia kijana achague kwanza. Brussels hakuna aliyefanya hivyo. Kisha soma sura ya 14. Wafalme wanakuja, wanamteka Lutu pamoja na mali yake. Habari inamfikia Abramu. Angeweza kusema tulikwisha kugawana, huyo ni wa upande ule, alichagua mwenyewe bonde zuri. Akatoa watu wake 318, akafuata usiku mpaka Dani na kupita, akamrudisha. Ugawanyo wao ulikuwa umegawa malisho tu.

Hapo ndipo sisi tulipoona mahali pa kusimama, na tunawaambia waziwazi ili mtupinge mkitaka. Hatuoni dhambi katika ibada mbili, moja asubuhi na moja saa sita. Ibada mbili ni malisho. Wala hatuoni kwamba umoja ambao upande mmoja unaimba na upande wa pili unasikiliza ni umoja. Kwa miezi mingi ilikuwa hivyo kwetu, na wale walioandika barua walikuwa wamekwisha kusema kwa mdomo mara tatu. Lakini shitingi ya kuzuia macho, na masanduku mawili, hayo ni mambo mengine. Kwa sanduku lile moja ndipo wajane wanapopata sabuni na wagonjwa wanapopelekwa hospitali. Likiwa mawili, tutaanza kuuliza mgonjwa ni wa upande gani kabla ya kuuliza anaumwa nini.

Na hatusemi hivi kama watu safi. Mwezi wa nne mama mmoja wa kanisa letu alifariki usiku. Alikuwa wa wale waliokuja mwaka 2012, aliyesali kwa Kinyarwanda, mama aliyewapikia wengi uji walipofika hapa bila sufuria. Siku ya kumzika, korali ya Kiswahili haikuja. Ilikuwa juma lile la ugomvi wa kinanda. Walisema hawakupewa taarifa, na kweli aliyepaswa kuwapa hakuwapa. Lakini hapa kwetu nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, nani asiyesikia kilio? Wawili kati yetu tunaoandika makala hii ni wa korali hiyo. Tuliketi ndani. Tulisikia wimbo ukipita njiani kuelekea makaburini, wimbo tunaoujua sauti zake zote nne, na sauti ya pili ilikuwa dhaifu kwa sababu waimbaji wake tulikuwa tumekaa kitandani. Mstari wa kijani ulikuwa umekwisha kuchorwa siku ile, kabla ya barua yoyote, na waliouchora ni sisi.

Tumekwenda kwa mume wake na watoto wake kuomba radhi. Tulikwenda kwa kuchelewa, wiki sita. Alitupokea, akatupa viti, akazungumza juu ya mvua. Hatujui kama ametusamehe na hatukumlazimisha aseme.

Tumeomba wazee, pamoja na yote watakayoamua juu ya saa za ibada na kinanda, waandike katika kitabu cha kanisa mambo matatu ambayo hayatagawanywa: sanduku la wahitaji, zamu ya kutembelea wagonjwa, na mazishi. Baadhi ya waliotia sahihi barua wametuambia kwamba hilo wanalikubali. Wengine wamesema ni ujanja wa kuwarudisha walipotoka. Mmoja alituambia kwamba tunaandika vizuri juu ya Kipro kwa sababu Kipro ni mbali. Huenda ni kweli.

Baraza litakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, baada ya umuganda, saa saba mchana, ukumbini. Waamini wote wanakaribishwa, waliotia sahihi na wasiotia. Mabibi wa Kihunde na Kinande, safari hii tumepata vijana wawili watakaowatafsiria, njoni mkae mbele.